Stika niliitengeneza mimi, na machozi ananililia mimi

Shikamoo mama,

Naandika saa tisa usiku, nimejifunika shuka ili mwanga wa simu usimwamshe mwenzangu. Ingawa najua hajalala. Siku hizi halali, anageukia ukutani tu, na mimi najifanya nakoroma ili asijue kwamba namsikia.

Nina miaka 21, nipo mwaka wa pili, nasomea uhasibu katika chuo kimoja hapa Dodoma. Huyu ninayekaa naye chumba ni wa darasa langu. Nitamwita mwenzangu tu, jina lake nimekwisha lichafua vya kutosha. Ametoka kijijini Urambo, Tabora, baba yake analima tumbaku. Ndiye wa kwanza kwenye ukoo wao kukanyaga chuo kikuu. Anasoma kwa mkopo wa Bodi, na bumu, ile hela ya kujikimu, likitoka, kabla hajanunua hata sabuni, anamtumia hela mdogo wake aliye kidato cha tatu. Mimi nimezaliwa Dar, nimesoma inglishi midiamu tangu chekechea. Yeye msingi kasoma kwa Kiswahili, Kiingereza amekutana nacho sekondari ya kata. Lakini kwenye hesabu, mama, yeye ndiye aliyekuwa ananifundisha mimi.

Muhula huu tulikuwa na prezentesheni. Darasa letu lina watu zaidi ya mia tatu. Kikundi chetu kilipewa mada ya madeni ya makampuni. Sasa lile neno la Kiingereza la deni, debt, lina herufi b katikati ambayo haitamkwi. Yeye aliitamka. Na kwa kuwa ndiyo mada yenyewe, aliitamka kila baada ya sentensi mbili. Huko nyuma wakaanza kuchekea mikononi. Kisha mvulana mmoja akasema kwa sauti, "Debe tupu hilo!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenzangu alimaliza sehemu yake yote, akakunja karatasi zake, akaenda kukaa.

Jioni ile nilikuwa kitandani na simu. Nilikuwa nimempiga picha akiwa mbele. Nikaikata, nikamvisha debe la mafuta kichwani, nikaandika chini DEBE TUPU. Dakika mbili hazikufika. Nikairusha kwenye kagrupu ketu ka wasichana watano. Naapa, mama, kwangu ulikuwa utani. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, tumetaniana tangu wiki ya kwanza. Yeye ananiita mvivu wa pwani, mimi namwita mpagazi. Nilipanga nimwonyeshe mwenyewe tucheke.

Sikuwahi. Asubuhi stika ilikuwa kwenye grupu la darasa. Mchana ikatokea video, maana kumbe kuna mtu alimrekodi, sekunde kumi na moja. Jioni mtu mwingine akaitia mdundo wa singeli. Ukurasa wa Instagram wa umbea wa chuo ukaichukua, na watu wasiomjua hata kwa sura wakaanza kumwita Debe. Akiingia kantini wanagonga meza kwa viganja, kimyakimya, kila meza anayoipita.

Yeye anaamini aliyetengeneza stika ni yule mvulana aliyepiga kelele. Amenililia begani. Ameniambia, "Wewe peke yako ndiye hukunicheka."

Hii ni wiki ya sita. Ameacha kwaya. Hali, anakunywa chai ya rangi tu. Amekosa test mbili, na alama zake za kosiweki hazitatosha kumruhusu kufanya UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Wenzake wa kikundi cha maombi walimwombea wakasema ana pepo la kukataliwa, akarudi amechoka kuliko alivyokwenda. Nikimwambia twende kwa mshauri wa wanafunzi anasema, "Wakiniona naingia mlango ule watasema Debe amekuwa chizi. Nitapelekwa Mirembe, nitatengenezewa stika nyingine." Unajua hapa Dodoma Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ni tusi.

Wiki iliyopita alipanga vitu vyake, akanipa kalkuleta yake na vitenge viwili alivyopewa na mama yake, akasema nikae navyo, yeye hatavihitaji. Nadhani anataka kuacha chuo arudi kwao. Akaniapisha nisimwambie mtu, yeye kwa Biblia yake, mimi kwa Msahafu wangu.

Swali langu ni hili. Nimwambie kwamba stika ni yangu? Wale wanne wenzangu, wawili wanasema ninyamaze, itapita, kwani ni wa kwanza kutaniwa chuoni? Mmoja anasema nikikiri nitafungwa kwa sheria ya mtandao. Wa nne hanisemeshi tena. Mimi mwenyewe sisomi, ninafungua daftari naona maandishi yanacheza. Nikimwambia, naona kama nitammalizia. Nisipomwambia, ninakaa chumba kimoja na mtu anayenishukuru kila siku kwa kitu ambacho sicho.

Mwenye stika,
Dodoma

*

Marahaba mwanangu.

Kuna jambo nilikwisha kukujibu kwa faragha siku ileile barua yako ilipofika, na nalirudia hapa kwa ajili ya yeyote anayesoma huku ana mwenzake wa namna hii kitanda cha pili. Umeandika mistari mingi juu ya stika. Juu ya kalkuleta umeandika mmoja. Mimi nilipofika kwenye kalkuleta ndipo nilipovua miwani.

Mwanafunzi wa uhasibu hagawi kalkuleta. Huenda ulivyodhani ndivyo, kwamba anafungasha arudi Urambo. Lakini mtu aliyekosa usingizi wiki sita, asiyekula, aliyeacha hata kuimba, akianza kugawa vitu anavyovipenda na kusema hatavihitaji, hilo halisubiri kesho wala halisubiri gazeti. Huyo haachwi peke yake usiku ule. Na anaulizwa, kwa maneno yaliyonyooka: "Unawaza kufa?" Watu wengi huliogopa swali hilo wakidhani litampa wazo ambalo hakuwa nalo. Halimpi. Kama halikuwapo atakwambia hapana, na kama lilikuwapo, utakuwa mtu wa kwanza kumsaidia kulibeba.

Ulinijibu, "Lakini niliapa." Nililifikiria hilo, maana wewe na yeye mmelelewa kuheshimu kiapo na sipendi kukufundisha kuvunja neno lako. Hata hivyo siri hukabidhiwa mtu ili imlinde mwenyewe. Ikigeuka kuwa kitu kitakachomzika, anayeitunza anamtunzia nani? Ni mahali pekee katika jibu langu lote ambapo sikukuachia uchague. Nilikwambia uamke umgongee matroni, na uliamka. Uliniandikia kwamba mwenzako alikuita msaliti mbele ya matroni, na kwamba asubuhi mlikwenda hospitali watu watatu. Sitayasimulia zaidi, ni yake. Nitasema tu kwamba sasa ana daktari na ana tarehe ya kurudi kliniki, na kwa sababu hiyo tunaweza kukaa tukazungumza habari ya stika bila haraka.

Kwa jinsi nilivyokuelewa, umesimama mahali pawili kwa wakati mmoja. Wewe ni mmoja wa waliomuumiza, na wewe ndiye bega lake. Kukiri kunaweza kumnyang'anya bega. Kunyamaza kunalifanya bega lenyewe kuwa la uongo. Na juu ya hayo kuna hofu ya sheria, ya darasa, ya kuitwa jina utakalobaki nalo mpaka mahafali. Kama nimekosea, nisahihishe.

Nataka kwanza tuyatazame maneno mawili matatu ya barua yako, maana naona yamebeba uamuzi kabla wewe hujaamua.

La kwanza ni utani. Sikatai kwamba wewe na yeye ni watani. Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara, wapagazi wakitoka bara kuja pwani, na huo ni urithi mzuri. Lakini hebu kumbuka unavyokwenda. Mtani wako anakutukana usoni, nawe una zamu yako ya kumjibu palepale. Anajua ni wewe, unajua ni yeye. Na ukifiwa, mtani huyohuyo aliyekuita mvivu ndiye anayefika mapema, anachekesha wafiwa na anashika kazi za msiba. Alipokuita mvivu wa pwani mlikuwa wawili, chumbani, na ulimjibu. Stika haikumpa zamu. Ilitoka kwako ikiwa na wewe ndani yake, na ilipofika kwa mtu wa kumi haikuwa na mtani tena, ilikuwa na debe tu. Sisemi hivi ili kukuongezea mzigo. Nasema kwa sababu ukienda kwake na neno "ulikuwa utani", atalisikia kama mlango unaofungwa, na hata wewe hulisadiki tena. Kama ungelisadiki usingekuwa macho saa tisa usiku.

La pili ni la rafiki zako, kwamba si wa kwanza kutaniwa. Ni kweli. Wapo waliochekwa wakacheka nao, yakaisha. Lakini mtu anachekwa kwa nini, na anasimama wapi anapochekwa? Yeye amesoma miaka saba kwa lugha anayoiota usiku, kisha kidato cha kwanza akafunguliwa daftari jipya kwa lugha nyingine na kuambiwa aendelee palepale alipoishia. Mamilioni ya watoto wa nchi hii wamepita njia hiyo. Wengi huijua hesabu, huijua historia, wakishindwa kuinua mkono kwa kuogopa herufi. Na hiyo b iliyomponza ina vituko vyake: Waingereza wenyewe zamani hawakuwa wakiiandika. Wasomi wao waliipachika baadaye ili neno lifanane na Kilatini, na matamshi yakabaki yaleyale, bila b. Mwenzako alisoma kilichoandikwa. Kwetu Kiswahili ndivyo tunavyofundishwa, kilichoandikwa kinasomwa.

Kwa hiyo yale makofi ya meza kantini hayakumwambia kwamba amekosea neno. Yalimwambia jambo ambalo huenda alilibeba tangu siku ya kwanza ya usajili: hapa si pako. Wewe uliyesoma inglishi midiamu ungekosea neno lilelile wangecheka nusu dakika. Sijui kama umewahi kulitazama hilo. Litazame polepole, maana siku ya kuomba msamaha ndipo utakapojua unaombea nini hasa.

La tatu umeandika, "nitammalizia". Na mahali pengine barua yako inazungumza kana kwamba ugonjwa wake wote umetoka kwenye simu yako. Sonona haina chanzo kimoja namna hiyo. Kuchekwa kunaweza kuiamsha, lakini na hofu ya mtihani, na njaa, na kuwa mtu ambaye ukoo mzima unamtegemea, na mwili wenyewe, vyote hukutana. Video si yako. Singeli si yako. Viganja mia kantini si vyako. Una sehemu yako, iliyo halisi, na ningependa uibebe hiyo tu. Anayesema "yote ni mimi" mara nyingine anakwepa hesabu kama yule anayesema "si mimi", kwa sababu kosa kubwa namna hiyo halirekebishiki, na lisilorekebishika halimdai mtu afanye chochote. Wewe mhasibu, andika deni lako kwa kiasi chake.

Neno dogo kuhusu sonona, kwa kuwa kuna wengi wanaoichanganya na msongo wa mawazo. Mtihani ukikaribia sote tunakosa usingizi, mtihani ukipita tunalala. Madaktari wakitafuta sonona huangalia huzuni au kutofurahia chochote kwa muda wa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, pamoja na usingizi kuharibika, kula kubadilika, uchovu, kushindwa kutuliza akili, kujiona huna thamani, na mawazo ya kifo. Inatibika. Wapo wanaopona kwa mazungumzo na mtaalamu, wapo wanaohitaji na dawa, na dawa hizo huchukua wiki kadhaa kabla hazijaonyesha kazi, kwa hiyo usimtazame usoni kila asubuhi ukitafuta tabasamu. Maombi sina ugomvi nayo, mwombeeni. Ila mtu akiambiwa ana pepo la kukataliwa wakati kweli amekataliwa na darasa zima, nadhani hata pepo mwenyewe angeshangaa.

Na Mirembe. Nakasirika kidogo kila nikisikia jina hilo likitumiwa kama tusi, kwa sababu kuna watu wanaingia lango lile asubuhi, wanaonana na daktari, wanarudi nyumbani kupika cha mchana, na majirani hawajui. Hata hivyo si lazima mwenzako aanzie huko; hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na anayepita mlangoni pake anaweza kuwa anakwenda maabara.

Haya, tufike kwenye swali.

Unaweza kumwambia sasa hivi. Faida yake ni kwamba atalisikia kwako, kwa sauti yako, na si kwa mmoja wa wale wanne siku mtakapogombana. (Huyo asiyekusemesha, umejiuliza anawaza nini?) Hatari yake unaijua: yuko kwenye wiki zake za mwanzo za matibabu, usingizi bado, na wewe ni mojawapo ya kuta alizoegemea. Ukuta ukiondoka ghafla usiku, ndani ya chumba kile, ninyi wawili tu, sijui ataangukia wapi. Na ningekuomba ujiulize kwa ukweli, nani atakayepumua ukimwambia usiku huu? Mara nyingine tunakiri ili sisi tulale, na yule tuliyemwambia ndiye anayeanza kukesha.

Unaweza kusubiri, ukamwambia akiwa na nguvu kidogo, labda mbele ya mshauri wake. Katika njia hii mwone kwanza mshauri huyo peke yako, mweleze yote. Yeye hatakwambia habari za mwenzako, na hapaswi, lakini anaweza kusikia za kwako na kukusaidia kupima wakati. Hatari ya njia hii ni tamu, ndiyo maana ni mbaya: kusubiri kunazoeleka. Wiki inakuwa mwezi, mwezi unakuwa likizo, anapata nafuu, mnacheka tena, na unajikuta unasema kwa nini nimharibie. Ukiichagua, jiwekee alama ya kukuonyesha kwamba wakati umefika, na mtu mmoja anayeijua alama hiyo.

Unaweza kutokumwambia kabisa. Najua washauri hatutakiwi kuisema hii kwa sauti, lakini watu wazima wengi wameishi hivyo na baadhi yao ni marafiki wazuri hadi leo. Ila katika kisa chako kuna mtu wa tatu. Yule mvulana. Kelele aliyopiga ni kosa lake na sina machozi ya kumlilia, lakini stika si yake, na mwenzako anaamini ni yake. Siku akiamua kushtaki, au kaka zake wakija kutoka Tabora, atatajwa yeye. Ukimya wako hautakuwa ukimya tu siku hiyo.

Kuna na njia ya nne ambayo vijana wengi huikimbilia: kusimama kwenye grupu la darasa na kuandika waraka mrefu, mimi ndiye, nisameheni. Inaonekana ya kishujaa. Lakini unarudisha debe mezani mbele ya watu mia tatu bila kumwuliza mwenye kichwa. Yapo mambo ya kusema hadharani, ila nadhani ruhusa yake ingetangulia.

Wakati unayapima hayo, kuna kazi isiyosubiri kukiri. Stika haivutiki ikarudi. Ule uwezo wa kufuta ujumbe kwa wote una muda wake, siku mbili hivi, na hata ukiwahi, aliyekwisha kuihifadhi anabaki nayo. Kwa hiyo lililobaki ni kuzungumza na watu. Anza na wale wanne: ifuteni, na muulizane ni nani aliyeitoa nje, bila kelele. CR, kiongozi wa darasa, mwombe azuie stika na ile video grupuni. Ukurasa wa umbea uripotini, mkiwa wengi. Kantini, siku mtakayopita naye wakagonga meza, kaa kwenye meza mojawapo inayogonga, na yeye akae karibu nawe, kisha uwasalimie kwa majina. Unawafahamu wengi wao. Ni vigumu kugonga meza ukiwa umeulizwa habari za nyumbani.

Kabla hamjafuta, pigeni picha za skrini zenye tarehe na namba, zikae mahali salama. Atazihitaji akitaka kwenda ofisi ya mlezi wa wanafunzi, au dawati la jinsia la chuo kama lipo, au polisi. Ndiyo, baadhi ya ushahidi huo unakutaja wewe. Najua ninachokuomba.

Rafiki yako aliyekutisha na sheria hakuitunga. Ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015; kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya kihisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mimi si wakili. Ninachokiona kwa macho ya kawaida ni kwamba imetajwa nia, na wametajwa wanaoanzisha pamoja na wanaotuma, kwa hiyo wale waliobonyeza kitufe cha kusambaza wakidhani wako pembeni wasijiamini sana. Kabla hujaamua lolote kwa hofu, tafuta kituo cha msaada wa kisheria, ueleze kisa chako, upate jibu la mtu anayeijua kazi hiyo. Hofu ya kuambiwa na rafiki saa sita usiku si ushauri wa kisheria.

Masomo yake nitayapita haraka. Muulizeni mlezi wa wanafunzi habari ya kuahirisha kwa sababu ya ugonjwa. Kwa kawaida karatasi ya daktari huhitajika, na kuahirisha ni tofauti kabisa na kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Ajue tu kwamba bumu husimama wakati huo, kwa hiyo yule mdogo wake wa kidato cha tatu naye awekwe kwenye hesabu kabla ya kusaini.

Umebaki wewe. Umeandika kwamba husomi, maandishi yanacheza. Uliandika kwa haraka, kama mtu anayeona aibu kutaja kidonda chake mbele ya mwenye kidonda kikubwa. Mlango wa mshauri wa wanafunzi si wa mwenzako peke yake. Na nadhani, ingawa sitakusukuma, kwamba siku akikuona wewe unaingia mlango ule mchana kweupe, na kutoka, na kwenda kununua chipsi, kile anachokiogopa kitapungua kidogo.

Nilisahau kalkuleta. Usimrudishie kimyakimya kwa kuiweka kitandani kwake, wala vile vitenge. Mwambie viko kwenye begi lako, vimekunjwa vizuri, na kwamba unatunza tu, si vyako. Avifuate akivitaka. Akivifuata, niandikie.